Malka Dinah Si Malkia

Kibao kililetwa juu ya pikapu, kimefunikwa blanketi, na mimi ndiye niliyewachemshia chai vijana waliokishusha. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilihadithiwa. Nilikuwa pale pale, birika mkononi, blanketi lilipoondolewa nikasoma herufi kubwa za rangi ya dhahabu: MALKIA DINAH. Chini yake kwa herufi ndogo paliandikwa kwamba hapa ndipo alipoishi malkia wa kwanza wa Mto Tana, aliyewatawala watu wake kwa hekima na kuwapokea wageni katika jumba lake la kifalme.

Nilicheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali, kiligeuka hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Dinah alikuwa nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Hakuwa malkia wa mtu yeyote. Aliuza mnazi, ile pombe ya kugemwa.

Aliolewa Hewani, mumewe akafa mapema, na shemeji zake wakakaa kikao kuamua nani amrithi, kama vile anayerithiwa ni jembe. Alipoona kikao kinachelewa kumuuliza maoni yake, alichukua chungu, kata ya kuchotea, na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yangu, akashuka na mto mpaka hapa Garsen penye kivuko. Wakati huo hapakuwa mji. Palikuwa na pantoni ya kuvutwa kwa kamba, na matope. Malori ya kwenda Lamu yalifika yakakuta mto umefura, yakangoja. Yaliyotoka Lamu yalingoja upande wa pili. Madereva na utingo wao walilala chini ya magari, wakaliwa na mbu, wakatukanana kutoka ng'ambo moja hadi ya pili, na hakuna aliyewauzia hata maji ya moto. Nyanya akajenga kibanda cha makuti. Mnazi uliletwa na mitumbwi kutoka Chara na kule chini, na ulipokosekana aliuza tembo la mkoma, ule mti wa nyika ulio ndugu ya mnazi, ambalo baba alisema lilimfanya mtu mzima azungumze na viatu vyake.

Wakitaka kuandika historia ya mji wetu, basi waandike hayo. Mji huu ulianzishwa na matope, na mwanamke aliyeona kwamba watu waliokwama wana kiu. Baada yake alikuja Mwarabu na duka la sukari, akajenga karibu na kilabu kwa kuwa ndiko watu walikokuwa. Kisha akaja fundi wa pancha. Ukaja msikiti, likaja kanisa, ambalo wazee walilijenga likitazamana na kilabu ili wanywaji waone haya. Wanywaji hawakuona haya, ila walijifunza nyimbo zote. Polisi walikuja mwisho, na wao pia walikuja kunywa.

Sasa malka. Asiyekaa mtoni huenda halijui neno hili. Ni neno la Waorma, na maana yake ni njia ya ng'ombe ya kushukia majini. Kiangazi kikikaza, maji ya bara yakikauka, mifugo yote ya nyika huja Tana. Na kati ya nyika na maji kuna mashamba yetu sisi Wapokomo, mahindi, ndizi na mpunga, yamepangana ukingoni hayana nafasi. Pasipo na malka, ng'ombe hupita shambani. Ng'ombe akipita shambani, mtu hutoka na panga, mwingine hutoka na mkuki, na yanayofuata sihitaji kuyaeleza. Kila mtu wa huku ana mwaka wake asiopenda kuutaja.

Kiangazi kimoja kikali mzee mmoja wa Kiorma, Jaldesa, alisimama nyuma ya kilabu na kundi lake, ng'ombe ulimi nje, akauliza apite wapi. Kiwanja cha nyanya kilianzia kichakani kikaishia mtoni. Akamwambia apite hapo. Siku hiyo ya kwanza utingo mmoja mlevi alimpiga ng'ombe teke, kundi likashtuka, mitungi ikavunjika, vijana wa Jaldesa wakashika mikuki. Nyanya alisimama katikati yao, akaichukua kata yake ya kifuu akaitundika kwenye msumari ukutani. Akasema kata ikiwa juu hakuna anayeuza na hakuna anayekunywa, na kila mtu abebe kiti chake akae ukutani mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Asiyetaka, mto ule pale, akanywe huko.

Ikawa sheria. Kengele za mbao za ng'ombe zikisikika, kata inapanda, na watu wanainuka na viti vyao hata kama mtu alikuwa katikati ya kisa kitamu. Inasemekana bwana shauri mmoja, mzungu, alikataa kuinuka, na nyanya akamnyang'anya kibuyu mdomoni. Waorma wenyewe hawakugusa mnazi. Walipewa chai ya maziwa mlango wa nyuma, kwa vikombe vyao ambavyo havikuwahi kuoshwa karai moja na vyombo vya pombe. Wakapaita mahali hapa Malka Dinah, na sisi tukapaita hivyo hivyo. Mimi na kaka yangu Job tulikua tukibeba viti vya walevi waliolemewa kubeba vyao wenyewe.

Leo kuna daraja, pantoni imesahauliwa, na biashara ya mnazi nyanya alikwenda nayo kaburini. Kilichobaki cha kilabu ni ukuta mmoja na msumari wake, na mimi nimeuegemezea hoteli yangu ya chai, mahamri na samaki. Na malka bado ipo. Kila kiangazi, jua likianza kuinama, ng'ombe hupita nyuma ya jiko langu, nami huitundika ile kata. Wateja wangu wazee hujua la kufanya. Vijana huiga.

Nina kikombe kimoja chenye pengo mdomoni. Watu huniuliza kwa nini sikitupi. Kina kazi. Mtu akinikera, chai yake huingia humo, na hoteli nzima inajua kukisoma.

Hope alinywea kikombe hicho. Ni msichana wa Nairobi, mwenye adabu, aliyeajiriwa na kampuni moja ya hema za watalii kukusanya historia ya mahali. Kampuni ilitaka kujenga kambi ukingoni na kuuzungushia kiwanja chote waya wa senyenge, kutoka kwenye mikoma mpaka majini. Mimi sikuulizwa. Aliulizwa Job, kwa kuwa ardhi iliandikishwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume. Aliyekaa na nyanya mpaka akamfumba macho ni mimi, lakini hiyo si sifa ya kuandikishiwa kitu.

Basi siku ile ya kibao nilimwita Hope mezani.

"Nani alikwambia Dinah alikuwa malkia?"

"Si ni Mzee Job, Mama? Niko na sauti yake hapa." Akatoa simu, akatafuta, akaniwekea.

Nikamsikia kaka yangu, kwa kile Kiswahili chake cha mimbarini, akieleza kwamba mahali hapa wenyeji tangu zamani hupaita Malka Dinah. Nikamsikia Hope akisema, "Malkia Dinah? Aisee, kumbe kulikuwa na malkia huku." Kisha kimya. Jogoo akawika mbali. Job akakohoa. Halafu akasema, "Ndiyo. Ndivyo wanavyopaita."

Nilimwambia Hope airudie. Akairudia. Ule ukimya ulikuwa mrefu kuliko nilivyousikia mara ya kwanza.

"Kuna shida, Mama?"

"Kunywa chai yako," nikamwambia, na ndipo alipoliona pengo.

Msichana alisikia vibaya. Hilo linasameheka, hakuna malka Nairobi. Lakini Job alikulia kwenye malka hiyo. Alikanyaga samadi yake kila siku ya utoto wake. Anajua tofauti ya malka na malkia kama anavyojua jina lake, na alikohoa.

Nilimkuta nyumbani kwake akipiga pasi tai ya siku ya kuzindua mradi wa kambi. Job ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na pasi yake ni ya makaa, hapendi ya umeme. Hakushangaa kuniona.

"Ulimsikia akisema malkia," nikasema.

"Nilimsikia."

"Ukanyamaza."

"Kaa kwanza, Zipporah."

"Sikai."

Akaiweka pasi kwenye kigae. "Wewe umewahi kusimama mbele ya kanisa, ukimkemea mtu kwa ulevi, naye akakuuliza habari za nyanya yako? Mimi nimeulizwa. Shuleni niliulizwa na wanafunzi. Siku ya harusi yangu wakwe waliniuliza. Mjukuu wa mwuza tembo, ndilo jina langu nyuma ya mgongo. Mtoto wa watu kaja mwenyewe, bila kuombwa, kamvisha Dinah taji. Mimi nimvue?"

"Taji hilo linafunga njia, kaka. Ikiwa pale palikuwa na jumba la malkia, basi hapakuwa na malka. Wataweka waya."

"Waweke."

"Na ng'ombe?"

Aliikunja tai vizuri, akaikunjua, akaikunja tena. "Waliochoma nyumba yangu walikuwa wachunga ng'ombe," akasema. "Mke wangu hakupata tena usingizi baada ya moto ule, mpaka nilipomzika. Usiniambie mimi habari za ng'ombe."

Ni kweli nyumba yake ilichomwa, na ni kweli wifi yangu aliisha kama mshumaa. Nilimlilia, na bado namlilia. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi sikunyamaza, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza kwa ajili ya huzuni yake miaka yote hiyo, na tazama ukimya wangu ulivyotufikisha.

"Mwaka ule malka ilikuwa imefungwa," nikasema. "Wewe na wazee wenzako mliiziba kwa miiba. Mlisema nyanya amekufa na makubaliano yake yamekufa. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya watu, na siku hiyo hiyo damu ikamwagika. Wetu wakazikwa, wao wakazikwa. Miiba ilipoondolewa ndipo watu wakaacha kuzikana. Unayajua haya, Job. Na sasa unaifunga tena, kwa waya, na kwa jina la nyanya."

Alikuwa mweupe usoni kama mtu aliyetiwa majivu. "Toka nyumbani kwangu," akasema.

Nikatoka. Njiani nilijikuta nikizungumza peke yangu, na watu wakinipisha.

Asubuhi iliyofuata Abdia aliniletea maziwa kama kawaida. Abdia ni mjukuu wa yule mzee Jaldesa, na amekuwa akiniuzia maziwa tangu tukiwa wasichana. Alikuwa ameviona vigingi vya chuma vilivyolazwa kichakani na mabunda ya senyenge juu yake.

"Mama Joy," akasema, "ng'ombe napita wapi?"

Joy ni binti yangu. Abdia ananiita hivyo siku zote, lakini siku hiyo aliniita kama mtu anayenikumbusha kwamba nina mtoto.

"Wanaume wenu wanasemaje?"

"Mzee nasema ngoja. Vijana hangoji. Nasema waya kifika, nakata." Akaufunga mdomo wa mtungi wake kwa kitambaa, polepole. "Na vijana yenu huko sokoni mimi nasikia. Nasema anayekata waya, mkono yake nakatwa."

Tukatazamana. Sote wawili tulikuwa na mwaka wetu, na ulikuwa mwaka mmoja. Yeye alimzika mdogo wake.

"Msikate kitu," nikamwambia. "Siku ya sherehe yao, leteni ng'ombe wakati ule ule wa kila siku. Adano atangulie mbele, watu wazima wafuate, vijana wakae nyuma kabisa, na mtu asibebe kitu chenye makali."

Adano ni kaka yake mkubwa, ndiye mwenye kundi. Abdia alifikiri. "Watu najaa hapo. Hema iko. Kiti iko. Na nyinyi nafanya nini?"

"Sisi tutainuka."

Nilisema kama mtu anayejua. Sikujua lolote. Nilikuwa na hasira tu, na hasira wakati mwingine hufanana na uhakika.

Siku ya uzinduzi walisimamisha hema kubwa jeupe katikati ya malka. Sidhani walifanya makusudi. Palikuwa pahali pazuri, tambarare, pamesawazishwa na kwato za miaka mingi, na hawakujiuliza ni nani aliyepasawazisha. Viti vya plastiki vilipangwa kwa safu. Mkurugenzi wa kampuni alikuja na kofia pana. Akina mama wa kwaya walivaa kanga za sare. Wazee wetu walikaa mbele na fimbo zao, Job kati yao na ile tai. Mimi nilikodiwa kuhudumia chai, na nilikubali, kwa sababu mwenye birika huingia kila mahali.

Kando ya kibao paliwekwa meza yenye kitambaa chekundu, na juu yake sanduku la kioo. Ndani ya kioo ilikuwemo kata yangu. Nilikuwa nimekataa kuitoa. Job aliichukua nikiwa sokoni, na nilipoitafuta asubuhi hiyo sikuikuta mahali pake. Na sasa ilikuwa hapo, imepakwa mafuta ya kung'arishia mbao, na karatasi inayosema kwamba hii ndiyo kata ya kifalme ambayo malkia aliitumia kuwabariki wageni wake.

Kuwabariki. Nyanya aliwahi kumpiga nayo kichwani askari.

Mkurugenzi alizungumza. Alisema wageni watatoka nchi za mbali kuja kulala pale alipolala malkia. Alisema utamaduni ni mali. Watu walipiga makofi, na mimi nikawatazama wale wazee wakipiga makofi, watu waliojua, watu ambao baba zao walibebwa kutoka kwa Dinah kama magunia, na nikataka kummwagia kila mmoja chai mapajani. Hakuna hata mmoja aliyedanganywa. Walikuwa wameamua kwamba uongo huo ni mzuri kuliko sisi.

Ndipo nikazisikia kengele.

Kengele za mbao hazilii, zinagonga, kama mtu anayebisha mlango wa mbali. Wageni hawakuzitambua. Mkurugenzi aliendelea. Lakini niliona shingo za wazee zikikakamaa, na mazungumzo ya akina mama nyuma ya hema yakakatika. Vumbi lilikuwa linainuka kwenye mikoma. Vijana wetu waliosimama kando ya vigingi wakaanza kusogeleana, na nikamwona mmoja akiinama kuokota kipande cha chuma.

Nililiweka birika chini. Nikaenda kwenye meza nyekundu, nikafunua kioo, nikaitoa kata. Hope alisema, "Mama, hiyo si ya kushikwa," nami nikampita. Nilikwenda kwenye ukuta wa kilabu, kwa hasira na kwa woga, sitaficha, nikaitundika kata msumarini. Kisha nikageuka nikawatazama.

Hakuna aliyeinuka.

Mkurugenzi alikuwa amenyamaza, akinitazama kama mtu aliyeona mbuzi kaingia kanisani. Kengele zilikuwa karibu. Niliwaona ng'ombe wa mbele, pembe na vumbi, na Adano mbele yao na fimbo begani, anatembea bila haraka, macho yake yakitafuta kwenye ukuta. Nilifikiri: nimemwambia Abdia tutainuka. Nimemleta kaka yake kwenye chuma cha wale vijana.

Kiti kikakwaruza.

Alikuwa Job. Alikuwa ameinuka. Sidhani aliamua. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeamua jambo, ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa. Alikishika kiti chake mgongoni, akakibeba mpaka ukutani, akasimama nacho chini ya kata, na hapo ndipo alipogundua alichofanya, kwa kuwa alinitazama macho yakiwa yamemtoka. Lakini wazee wenzake nao walikuwa wameshainuka. Safu nzima ya mbele, na fimbo zao, na magoti yao mabovu, kila mtu na kiti chake, wanakuja ukutani bila kuulizana, kama walivyofundishwa na mwanamke mmoja mkali wakiwa na kaptura. Akina mama wakafuata. Watoto wakaiga. Mkurugenzi akabaki peke yake na kipaza sauti katikati ya viti vichache vya wageni, halafu wageni nao wakaona ng'ombe.

"Hema," akasema Job, kwa ile sauti yake ya darasani. "Nyinyi vijana mnatazama nini? Inueni hema."

Na wale vijana wa kando ya vigingi, wanafunzi wake wote, wakaviacha vyuma wakashika nguzo.

Ng'ombe walipita. Walipita kwa kiu, wakisukumana, wakikanyaga kitambaa chekundu kilichoanguka, na hawakumkwaruza mtu. Adano alipofika usawa wa ukuta aliiinua fimbo yake kidogo kuielekea kata, kama babu yake alivyokuwa akifanya, akapita. Vijana wao walikuja mwisho kabisa, mikono mitupu. Vijana wetu walikuwa wameshika hema juu kwa mikono yote miwili.

Hope alikuwa amejibana karibu nami, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya udongo.

"Mama," akasema, "malka ni nini?"

Sasa ndio anauliza. Nilifungua mdomo nimpe jibu lake, na lingekuwa refu, lakini Job alinitangulia. Bado alikuwa amekishika kile kiti.

"Ni njia," akasema. "Njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Hii ni malka ya nyanya yetu. Aliwapa njia." Mkurugenzi alikuwa amesogea, na wazee wa kanisa walikuwa wanasikia, na Job aliwaona wote. "Hakuwa malkia. Aliuza pombe hapa, kwenye ukuta huu. Nami nilikuwa nikibeba viti vya walevi wake."

Vigingi bado vimelala kichakani ninapoandika. Mkurugenzi alisema ramani itapitiwa upya, na mimi sina imani na mtu anayepitia kitu upya wakati hakukipitia mara ya kwanza. Hope alikishusha kibao mwenyewe. Siku mbili tatu baadaye alirudi na simu yake akaniomba nimweleze yote tangu mwanzo, nikamwambia akae, tutaanza na matope.

Lakini siku ile yenyewe, ng'ombe wa mwisho alipopita, niliishusha kata kama inavyotakiwa, nikaanza kumimina chai. Nilimpa mkurugenzi, nikawapa wazee, nikawapa kwaya, na mlango wa nyuma nikampa Adano na wenzake kwa vikombe vyao. Job nilimpa mwisho, kwenye kikombe chenye pengo, mbele ya watu wote. Akanywa mpaka mwisho, kisha akakinyoosha kwangu nimwongezee.

Nikamjazia kile kile.